Krismasi ya kiangazi: Namna ya kuandaa boma la Malava kupokea familia

Mara tu sherehe za Jamhuri za Disemba 12 zinapokamilika, magari ya abiria yanayotoka Nairobi, Nakuru na Mombasa kuelekea magharibi mwa Kenya huanza kujaa pomoni. Miongoni mwa wasafiri hao ni wana wa Malava, eneo la Wakabras lililo kaskazini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara kuu iendayo Webuye. Baadhi yao hawajakanyaga nyumbani tangu Krismasi iliyotangulia. Wanapowasili, hupata kuta zimesiribwa upya, ua umefagiwa ukafagilika, kuku wako tayari na mitungi imejaa maji. Ni wachache wanaojiuliza kazi hiyo ilifanywa na nani, ilianza lini na ilimgharimu nini aliyeifanya.

Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, jinsi boma la mashambani linavyoandaliwa kwa sikukuu hiyo. Yanaongozwa na kanuni moja: maandalizi mema ni yale yanayoliacha boma likiwa na nguvu baada ya wageni kuondoka, wala si yale yanayolipamba kwa siku moja na kuliacha na njaa ifikapo Aprili.

KWA NINI NI KRISMASI YA KIANGAZI

Picha za Krismasi zilizoenea duniani zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako Disemba ni mwezi wa baridi na theluji. Huko Australia na Afrika Kusini, sikukuu hiyo huangukia katika majira ya joto. Malava haina majira ya aina hizo. Iko karibu mno na Ikweta, mstari unaopita Maseno upande wa kusini, na kwa hivyo urefu wa mchana na wa usiku haubadiliki sana mwaka mzima. Kinachotenganisha miezi ni mvua. Masika huanza Machi, na mvua nyingine hunyesha kuanzia Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Kuanzia Disemba hadi Februari mvua hupungua, anga hutakata na jua huwaka.

Hali hiyo ina heri na shari. Jua hukausha kuta na sakafu kwa haraka, mahindi yameshaingia ghalani, na familia yaweza kula na kuzungumza nje chini ya kivuli. Kwa upande mwingine, chemchemi na visima hupungua maji, mboga hunyauka, vumbi huzidi, nayo nyasi na miwa hushika moto kwa urahisi. Aidha, kwa kuwa eneo hili liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na baridi hata baada ya mchana wa jua kali. Anayeandaa boma hana budi kuyazingatia haya yote.

NYUMBA NA UA

Ingawa nyumba za matofali zimeongezeka, nyumba za udongo zingali nyingi mashambani. Zina faida yake: huwa baridi mchana na huhifadhi joto usiku. Hata hivyo, matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini hubambua sehemu za chini za kuta, nazo nyufa huanza kujitokeza. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sababu hiyo, ukarabati wa Krismasi si mapambo tu. Ndio huiwezesha nyumba kusimama msimu mwingine wa mvua.

Kazi ya kusiriba imekuwa ya wanawake tangu jadi: mama wa boma, mabinti zake na wake wa wanawe. Kwanza hukwangua udongo uliolegea na kuulowesha ukuta kwa maji ili udongo mpya ushike. Kisha huziba nyufa kwa udongo unaonata, aghalabu ule wa kichuguu, na kuuacha ukauke kwa siku mbili au tatu. Baadaye huja tabaka la pili la kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo laini, ambalo hupakwa kwa kiganja cha mkono. Jivu likiongezwa, ukuta hupata rangi ya kijivu. Wengine humalizia kwa udongo mweupe sehemu ya juu na mwekundu au mweusi sehemu ya chini, na rangi hiyo ya chini huficha madoa ya matope.

Sakafu nayo hupakwa kwa njia hiyo hiyo. Tabaka hilo hushika vumbi, na kupunguza vumbi ni njia mojawapo ya kupambana na funza ambao huwasumbua watu, hasa watoto na wazee, wakati wa ukame. Mwenye kidonda mkononi asishiriki kazi hii kwa kuwa kinyesi cha wanyama kinaweza kuwa na viini vya pepopunda.

Kazi hii hutumia maji mengi, na hiyo ndiyo sababu yafaa ianze mwishoni mwa Novemba, kabla ya chemchemi kupungua. Wakati huo huo, wanaume wakague paa, wabadilishe nyasi zilizooza au mabati yaliyotoboka, wafyeke nyasi karibu na nyumba na kukarabati ua. Mvua ya alasiri yenye radi bado huweza kunyesha mapema Disemba. Mfereji wa paa uliosafishwa utaikinga na kuihifadhi.

Jambo moja linahitaji tahadhari kubwa. Maboma mengi ya Malava yamezungukwa na mashamba ya miwa inayouzwa kwa viwanda vya sukari vya eneo hili, vikiwemo West Kenya na Butali. Nyasi na takataka zinazofagiliwa uani zisichomwe karibu na miwa wakati wa kiangazi. Cheche moja yaweza kuteketeza jasho la jirani la mwaka mzima na zaidi, na sherehe ikageuka kesi. Ni heri takataka zifukiwe katika shimo la mbolea.

MAJI NA CHOO

Wenyeji wengi huwaza nyama kabla ya maji, ilhali upungufu wa maji ndio huvuruga sherehe mapema. Mtu mmoja huhitaji angalau lita 20 kwa siku za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Boma la watu 20 litahitaji lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20, kila siku. Ikiwa mama na binti mmoja ndio watakaoibeba kichwani kutoka chemchemini, hawatapata nafasi ya kuketi na wageni wao. Yafaa vijana wapangiwe zamu, au zitumike baiskeli, mkokoteni au bodaboda. Familia inayoweza kuchangia tangi la kuvuna maji ya paa itakuwa imetoa zawadi itakayodumu miaka mingi.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yawe maangavu kiasi gani. Mkusanyiko wa watu wengi, joto na nzi ni mazingira yanayosaidia homa ya matumbo na kuhara kuenea.

Choo cha shimo kikaguliwe wiki mbili kabla ya wageni. Magogo ya sakafu huliwa na mchwa bila mtu kugundua, na mzigo wa wageni wengi waweza kuyavunja. Shimo likikaribia kujaa, lichimbwe jingine mapema. Kifuniko cha tundu na jivu la kumwaga kila siku hupunguza nzi na harufu. Nje ya choo pawekwe kibuyu chirizi na sabuni. Ni kifaa rahisi kinachotengenezwa kwa mtungi mdogo, kamba na kijiti cha kukanyaga.

MALAZI NA HESHIMA

Katika mila za Waluhya, ambao Wakabras ni sehemu yao, kulala ni suala la heshima. Kijana wa kiume aliyebaleghe hana desturi ya kuendelea kulala katika nyumba ya wazazi wake. Hujengewa kibanda chake, simba, bomani humo. Wazazi hawalali katika nyumba ya mwana wao aliyeoa, na mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Mwana aliyejenga jijini na kuisahau simba yake nyumbani huwatia wazazi wake katika dhiki anapowasili na mke na watoto bila kutoa habari. Ndugu wa karibu au jirani aombwe nafasi mapema, badala ya watu kuanza kuhangaika saa tatu usiku.

Wajukuu kwa kawaida hulala kwa nyanya yao, kukhu. Hapo ndipo lugha, hadithi na majina ya koo hurithishwa. Mtoto aliyelelewa mjini aambiwe mapema jinsi ya kuwaamkia wazee, na asikemewe kwa kutojua lile ambalo hakufundishwa.

Magodoro, mikeka na mablanketi yaanikwe juani siku kadhaa kabla. Lakini kifaa muhimu zaidi kitandani ni chandarua. Kakamega ni miongoni mwa kaunti ambako malaria huambukiza mwaka mzima, ilhali Nairobi maambukizi ni machache mno. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga ambayo binamu yake wa Malava ameijenga mwilini, na akiumwa huweza kuzidiwa haraka. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 katika sehemu za magharibi, na mtoto wa jijini huenda hakuipata.

Kwa hivyo, wageni wafike na vyandarua vyao vyenye dawa, wasitarajie kumnyang'anya nyanya chandarua chake. Pia wakumbuke kwamba dalili huchukua takriban wiki moja au mbili kujitokeza, wakati ambapo msafiri amesharejea mjini. Yeyote atakayeshikwa na homa mwezi Januari apimwe malaria bila kukawia, na amweleze daktari kwamba alikuwa Kakamega.

CHAKULA NA HESABU YAKE

Krismasi ya Malava haijakamilika bila kuku, ingokho, na ugali, obusuma. Kuku wa kienyeji huchukua miezi mitano au sita kufikia kiasi cha kuchinjwa; vifaranga wa Disemba basi huanguliwa Juni au Julai. Adui yao ni ugonjwa wa kideri, maarufu kama Newcastle, ambao waweza kufagia banda zima kwa siku chache. Kuku wachanjwe kufikia mapema Novemba, na kuku wapya walionunuliwa sokoni watengwe kwanza. Mama aliyepoteza kuku 15 wiki moja kabla ya sikukuu amepoteza kitoweo, mayai na akiba yake pia.

Zamani wanawake wa jamii hii hawakuruhusiwa kula kuku waliyemlea na kumpika wenyewe. Mwiko huo umefifia, ingawa firigisi, imondo, bado hutengewa baba wa boma au mgeni wa heshima. Ni vyema anayegawa minofu leo akumbuke pia mikono iliyochoma vidole jikoni.

Mboga za kienyeji kama mrenda, saga, mnavu na majani ya kunde zinahitaji mpango wake. Zikipandwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba katika bustani ndogo iliyo karibu na maji, zitakuwa tayari kuchumwa wakati wa sikukuu. Mrenda na kunde hulainishwa kwa munyu, maji yaliyochujwa kutoka kwa majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Aliyezoea mboga hizi hazichoki, na ni nafuu kuliko kabeji ya kununua.

Ng'ombe, mbuzi au kondoo akichinjwa, afisa wa afya ya mifugo aitwe kuikagua nyama. Kamwe asiliwe mnyama aliyekufa ghafla. Kimeta huua walaji na hata wachunaji. Nyama isiyopikwa siku hiyo haitakaa kwenye joto la Disemba bila jokofu, hivyo ikaushwe kwa moshi au igawiwe majirani.

Jambo linalosahauliwa ni unga. Tuseme mtu mzima hutumia takriban robo kilo ya unga kwa mlo mmoja wa ugali. Watu 20 wakila ugali mara mbili kwa siku, watamaliza kilo 10. Wakikaa siku tano, watakuwa wamekula kilo 50, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 90. Hayo ni mahindi ambayo wazee wawili wangetumia kwa zaidi ya wiki saba. Wageni huondoka Januari na kusahau, lakini Aprili na Mei, wakati mahindi mapya bado ni machanga shambani na bei imepanda, ghala la mama huonyesha nani alikula.

FEDHA: KRISMASI ISILE JANUARI

Hapa ndipo palipo na kiini cha mambo. Wazazi wengi huona haya kumwambia mwana kwamba hawana sukari. Badala yake, huuza gunia la mahindi Novemba, bei ikiwa ya chini baada ya mavuno, ili wamnunulie mwana huyo mchele, soda na mkate. Miezi michache baadaye hulinunua gunia kama lilo hilo kwa bei ya juu zaidi. Kwa namna hiyo, mgeni huonekana amekirimiwa, kumbe wenyeji wamekopa kutoka kwa njaa yao ya kesho.

Dawa yake ni mawasiliano. Kabla ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007, mama hakujua kama kuna pesa mpaka gari lilipofika na mwana kushuka. Siku hizi hakuna sababu ya mchango kusafiri pamoja na mchangaji. Ndugu wakubaliane kufikia Oktoba nani atalipia nini: huyu unga na mchele, yule nyama, mwingine mafuta ya kupikia, sabuni na vyandarua. Pesa zitumwe Novemba, wakati bado kuna nafasi ya kulinganisha bei sokoni. Asiye na fedha achangie nguvu zake. Kuchota maji na kupasua kuni si mchango mdogo.

Aidha, kila mzazi atenge kwanza karo na sare za Januari, pamoja na nauli ya kurudi, ambayo hupanda msimu huu. Kitakachosalia ndicho cha sherehe. Ukirejea mjini na deni ilhali mtoto amefungiwa nje ya darasa, wimbo wa Krismasi hugeuka kilio.

MAPAMBO NA USALAMA

Mapambo hayahitaji gharama. Migomba miwili ikisimikwa langoni, matawi ya mitende yakipindwa kuwa tao, na maua ya bustani yakafungwa kwa uzi, boma litapendeza. Tawi la msaiprasi kutoka ua wa nyumbani hutosha kuwa mti wa Krismasi. Msitu wa Malava, kipande cha msitu wa kiasili ambacho barabara kuu hupita kando yake, si mahali pa kukata matawi. Ni hifadhi inayosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu.

Mishumaa isiwashwe karibu na karatasi za mapambo wala chini ya paa la nyasi. Nyaya za spika zisipitishwe kwenye maji au kuachwa wazi watoto wanapocheza. Radi ikianza, watu waingie ndani. Mti mkubwa ulio peke yake si kimbilio, kwani maeneo haya hupigwa na radi mara kwa mara. Watoto wa mjini wasiachwe kwenda mtoni bila mtu mzima.

RATIBA KWA UFUPI

Juni na Julai: Atamieni kuku wa Disemba.

Oktoba: Ndugu wakubaliane kuhusu siku za kuwasili, idadi ya watu na michango. Pandeni mboga mwisho wa mwezi.

Novemba: Chanjeni kuku mwanzoni mwa mwezi, tumeni michango, kagueni paa na choo. Mwishoni mwa mwezi anzeni kusiriba kuta.

Wiki mbili za kwanza za Disemba: Malizieni sakafu, pasueni kuni, anikeni matandiko, sageni unga.

Wiki ya Krismasi: Jazeni maji, funganyeni mapambo, gawaneni zamu za jikoni.

Kabla ya wageni kuondoka: Rudisheni unga uliotumika, sombeni maji ya siku mbili, fueni matandiko na kuyakunja.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isiyo na mazoea, na ndiyo yenye thamani kuu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Mwenyeji huyo hawezi kupona ikiwa ameachiwa sufuria chafu, ghala tupu na maumivu ya mgongo. Mwana wa Malava anayepanda gari la kurudi jijini na akaacha gunia likiwa limejaa, paa lisilovuja na mama aliyepumzika angalau siku moja, ndiye aliyesherehekea Krismasi na familia yake.